Senti za Ng'ambo ya Daraja

Kufuli lilikuwa limepona. Kila kitu kingine ndani ya banda la Darrell Pruett kiligeuka majivu na bati lililojikunja, lakini kufuli lilitoka motoni likiwa jeusi tu, na ule mkono wake uliopinda ulikuwa umezama tumboni. Limefungwa.

Mpelelezi Maite Echanis wa ofisi ya sherifu wa Arden aliligeuza mezani ndani ya mfuko wake wa plastiki. Pete moja ya mlango ilikuwa bado imo kwenye mkono wa kufuli. Nyingine ilikuwa imekatika. Hakuna aliyeweza kusema kama moto ndio ulioikata, au ndoano za zimamoto, au kama haikuwamo tangu mwanzo.

Mbele yake alikaa Ofelia Ledezma, glavu za kiwanda cha kupakia matofaa zikiwa mfukoni. Alikuja kila siku baada ya zamu, tangu kaka yake Eusebio alipokutwa amekufa chini ya yale mabati. Hakulia wala hakugombana na mtu. Alikuwa na swali moja tu.

"Mlango ulikuwa wa mbao," alisema. "Kaka yangu alikuwa anabeba magunia ya vitunguu mawili mawili. Kwa nini hakutoka?"

Echanis alimwambia bado hajui. Akamuuliza kama kaka yake alikuwa anakunywa. Ofelia akasema hapana. Alikuwa analala usingizi mzito? Hapana, tena alikuwa haruhusiwi hata kulala vizuri. Pruett alimpa pa kujilaza kipindi cha baridi kwa sharti alinde maboksi, na kwamba mtu akigonga asitoe sauti, ili watu wasijue kuna anayeishi mle. "Hata mimi nikimpelekea chakula mchana, nagonga, kimya. Mpaka nimwite kwa jina lake la utotoni ndiyo anafungua."

Alivaa glavu zake, akaondoka. Echanis akaagiza Pruett aingie.

Pruett alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kumwezesha kuuza chochote. Alieleza biashara yake bila kuona haya. Arden iko Oregon, na Oregon haitozi kodi ya mauzo. Ng'ambo ya mto, mwisho wa daraja, iko Tolliver ya Washington, ambako kodi hiyo ipo na inauma. Miaka ya nyuma mtu wa Tolliver akinunua kitu mtandaoni kwa muuzaji wa jimbo lingine, hakutozwa. Kisha mahakama kuu ya nchi ikaruhusu majimbo yaidai, na wauzaji wa mbali wakaanza kumtoza kila mtu kodi ya mahali kifurushi kinapotua. Basi watu wa Tolliver wakaamua vifurushi vyao vitue kwa Pruett. Jioni walivuka na magari yao, wakampa kidogo kwa kila boksi, wakarudi kwao.

"Sijavunja sheria hata moja, afande," alisema. "Boksi limefika Oregon, limelala Oregon. Likiamka likaenda kutembea Washington, mimi si mama yake."

Echanis alimkumbusha kwamba mwezi wa kumi aliongeza bima ya banda. Pruett alikubali. Mizigo ilikuwa imeongezeka, na kulikuwa na ofisa wa kodi wa Washington, mrefu, mwenye uso wa mazishi, aliyekuwa anapitapita na kuandika namba za magari. Mtu akiona hivyo anajikinga.

"Na Ijumaa ya moto ulikuwa wapi?"

"Ulinisikia mwenyewe."

Ilikuwa kweli. Ijumaa ile shule ya Arden ilicheza mpira wa kikapu na Tolliver, na Pruett ndiye mtangazaji wa mechi zote za nyumbani. Echanis alikuwa amekaa karibu na mlango wa ukumbi. Aliisikia ile sauti ikiwataja wachezaji mmoja mmoja mpaka king'ora cha zimamoto kilipoikatiza. Mtu hawezi kuwasha moto kando ya mto huku anatangaza mpira mjini.

Likabaki kufuli.

"Bima walitaka kufuli la nje," Pruett alisema. "Nikanunua. Lakini sikuwahi kumfungia mtu ndani, mimi si mnyama. Nilikuwa nalining'iniza kwenye pete moja, nalibana, basi. La kuonekana tu. Mlango ulikuwa wazi."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa nayo ni siku, afande."

Alitazama saa ya ukutani, akauliza kama anaweza kwenda, kwa sababu tayari amepata jengo lingine, lile la zamani la kuhifadhia barafu kando ya daraja, na magari ya mizigo hayasubiri. Echanis hakuwa na cha kumzuilia. Alimwacha aende.

*

Nyuma ya banda, kwenye theluji ambayo joto halikuifikia, walikuwa wameokota kifuniko cha buluu cha kidumu cha mafuta ya taa. Kilikuwa na kibandiko cha duka la wakulima lililo nje ya Arden. Echanis alilikuta duka likiwa na joto na harufu ya chakula cha farasi, na nyuma ya kaunta alikuwepo mama mmoja aliyeitwa Verla Ott, aliyehamia kutoka mji wa Burns baada ya mavuno na asiyejua bado nani ni nani katika bonde lile.

Echanis aliuliza kuhusu kamera. Verla alimwonyesha. Ilikuwa imeelekezwa kwenye rafu ya dawa za ng'ombe.

"Ndizo zinazoibwa, mwanangu. Mafuta ya taa nani aibe."

Ijumaa alikuwa ameuza vidumu vichache, karibu vyote kwa watu aliokwisha kuwazoea, na Echanis angewapata kwa simu. Mmoja hakumjua. Mwanamke mtu mzima, kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, koti la kazi, mikono ya mtu aliyeshika vyuma maisha yake yote. Alikuja jua linakuchwa. Hakusema lolote zaidi ya habari za jioni.

Maelezo hayo yangeweza kuwa ya nusu ya wanawake wa pande zote mbili za mto. Echanis alifunga kalamu yake.

"Ila alinilipa vibaya," Verla alisema.

"Vibaya vipi?"

"Kidumu ni dola kumi kamili. Imeandikwa kwenye rafu, imeandikwa kwenye kidumu. Yeye kabla sijafungua mdomo kaweka noti ya kumi, na juu yake kapanga senti. Themanini na saba. Nikamwambia, mama, za nini hizi, hapa ni kumi tu. Nikamrudishia."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alizitazama zile senti kama si zake. Halafu akawa mwekundu mpaka masikioni, akazizoa, akatoka. Nikajua ni wa ng'ambo. Wanaosahau huwa wapo, wanauliza, na kodi je? Lakini huwa wanauliza. Huyu hakuuliza."

Echanis alimwomba arudie alivyozipanga. Verla alitoa senti kwenye droo, akaziweka juu ya kaunta kwa utaratibu, kubwa chini na ndogo juu.

"Na yule Pruett nasikia kashapata banda jipya," Verla alisema akizirudisha. "Kufa kufaana."

*

Lyle Brandvold, ofisa wa kodi wa Washington mwenye uso wa mazishi, alimsubiri kwenye mkahawa ulio kwenye kichwa cha daraja, upande wa Oregon. Alikuwa amekula nusu ya pai ya cheri, na nyingine alikuwa anaitazama tu.

Alikuwa amefuatilia vifurushi vya Pruett majira yote ya baridi na hakuwa na cha kuonyesha. Kisheria mtu wa Tolliver aliyepokea kitu bila kutozwa anatakiwa ailipe kodi hiyo mwenyewe kwa jimbo lake. Echanis aliwahi kumuuliza ni wangapi hulipa. Brandvold alisema anamjua mmoja, mwalimu mstaafu, na kwamba watu walikuwa wanamcheka.

"Beji yangu inaishia katikati ya daraja," alisema sasa. "Yako vilevile. Sisi ni mbwa wawili waliofungwa kila mmoja kwenye mti wake, na paka anapita katikati."

Echanis alimweleza habari za senti. Alipofika kwenye themanini na saba, Brandvold aliweka uma chini.

"Kwa dola kumi?"

"Kwa dola kumi."

"Basi ni Tolliver," alisema. Alieleza taratibu, kama mtu asiyependa anakoelekea. Kodi ya Washington haiko sawa kila mahali. Kila mji unaongeza cha kwake juu ya kile cha jimbo. Mji unaofuata Tolliver hauchukui kiasi hicho, na ule wa baada yake hauchukui. Senti themanini na saba kwa kila dola kumi, katika bonde lile, ni Tolliver peke yake.

"Tolliver ina watu wengi," Echanis alisema.

"Wanaojua hilo kichwani hawako wengi. Wewe unadhani mtu wa kawaida anajua kodi ya kitu? Anasubiri mashine imwambie, analalamika, analipa. Hapangi senti kabla hajaambiwa." Alisukuma sahani pembeni. "Mkono unaofanya hivyo ni wa mtu aliyesimama upande mwingine wa kaunta."

"Mwenye duka."

"Mwenye duka wa zamani, mwenye vyuma na mafuta. Sasa nihesabie maduka ya Tolliver, Maite. La viatu lilifungwa. La nguo likafungwa. Duka la dawa limekuwa kanisa. Kituo cha mafuta unalipa kwa kadi, hakuna mtu."

Wote wawili walijua duka lililobaki. Utotoni Echanis alikuwa akitumwa kule na baba yake kununua misumari ya viatu vya farasi.

"Nilimwona mwenye lile duka siku mahakama ilipotoa uamuzi," Brandvold alisema. "Alikuwa ameoka keki. Kila aliyeingia dukani alikatiwa kipande. Aliniambia, sasa tutakimbia mbio moja na hao wa mtandaoni, mstari mmoja, mwisho mmoja. Mimi pia nilikula ile keki."

*

Duka la Kettleson, kule Tolliver, lilikuwa na sakafu ya mbao iliyolika njiani, kutoka mlangoni mpaka kaunta. Ukiingia liliweza kukudanganya kwamba limejaa. Ilibidi usogee karibu ndipo uone kwamba kila kitu kimevutwa mbele ya rafu, na nyuma yake hakuna kitu. Kando ya mashine ya risiti, ndani ya fremu, kulikuwa na ukurasa wa gazeti wa ile siku ya keki.

Thora Kettleson alikuwa anamhudumia mtu mwenye kofia ya shamba la matofaa. Mtu huyo alitaka kujua kuhusu jiko la kuni lililosimama katikati ya duka. Je, bomba lake lazima liwe la kuta mbili linapopita darini? Thora akamweleza. Likae mbali kiasi gani na ukuta? Akamwonyesha kwa rula. Akainama akamfungulia mlango wa jiko aone lilivyojengwa ndani. Mtu yule alipiga picha kibandiko cha nyuma kwa simu yake, akashukuru sana, akasema atafikiria.

Kengele ya mlango ililia nyuma yake.

"Atafikiria mpaka Pruett ampigie simu liko tayari," Thora alisema. Hakuwa na hasira. Alifuta alama za vidole kwenye jiko, akarudi nyuma ya kaunta. "Maite wa Echanis. Baba anaendeleaje na goti lake?"

Echanis alisema goti ni lilelile. Akatoa ule mfuko wa plastiki, akauweka kwenye kaunta, akauliza kama kufuli lile lilitoka hapa. Thora alivaa miwani. Alisema ndiyo, lilitoka hapa, alimuuzia Pruett kabla ya Krismasi, na kwamba katika maisha yake yote Pruett hajawahi kununua kingine kwake. Alilitazama kufuli muda mrefu kuliko swali lilivyohitaji.

"Nipe moja kama hilo," Echanis alisema.

Thora alilitoa kwenye rafu. Kibandiko kilisema dola ishirini na tatu.

"Ishirini na tano kamili," alisema. Mashine hakuwa ameigusa. "Wewe ni wa Oregon. Zamani ningetazama leseni yako nikakusamehe kodi. Siku hizi ulipe kwanza, halafu uliombe jimbo likurudishie. Sheria zao."

Echanis alilipa. Alichukua risiti. Kisha akatoa noti ya dola kumi, akailaza juu ya kaunta kati yao, na juu yake akapanga senti, kubwa chini na ndogo juu, kama Verla alivyomwonyesha.

Thora alizitazama. Jokofu la soda lilinguruma kwenye kona, likanyamaza.

"Alinirudishia," alisema mwishowe. "Yule mama. Alinisukumia kama mtoto aliyekosea hesabu."

"Bi. Kettleson, hapa siwezi kukukamata. Niko upande usio wangu. Ukitaka wakili, mwite kabla hujaendelea."

"Najua upande ulipo. Mume wangu alikuwa diwani." Alivua miwani akaiweka juu ya fremu ya gazeti. "Kaa pale kwenye kiti, kando ya rafu ya mbegu."

Alisimulia akiwa amesimama. Ijumaa alifunga mapema kwa sababu tangu asubuhi hakuna aliyenunua. Alivuka daraja kwenda kuona kwa macho yake, kwani mpaka siku ile alikuwa anasimuliwa tu. Magari ya Tolliver yalikuwa yamejipanga mbele ya banda la Pruett kama magari ya msibani. Aliyajua yote. Mbele kabisa alikuwa Gordy Hask, jirani yake, anapakia jiko. Lilikuwa la aina ileile ya hili lililosimama hapa katikati ya duka. Wiki chache kabla Hask alikuja kuliona hili, akakaa mchana mzima, na Thora akamchorea bomba litakavyopita katika nyumba yake. Hask huyo alikopeshwa vifaa vya dukani mwaka ambao baridi iliua maua ya matofaa, alipokuwa hana hata senti.

"Alinipungia mkono," Thora alisema. "Hilo ndilo. Angejificha ningerudi nyumbani. Alinipungia kwa furaha, kana kwamba na mimi nimekuja kuchukua boksi."

Alikwenda duka la wakulima. Akarudi, akakaa ndani ya gari mpaka watu wote walipokwenda kwenye mechi na Pruett naye akaondoka. Alitaka ziungue zile mali, basi. Mali yenye bima, ambayo wenyewe wangeirudishiwa. Alitaka angalau kwa wiki moja vifurushi vyao vikose mahali pa kutua.

"Ulijua kuna mtu ndani?"

"Ningejuaje?"

"Watu wengine walijua."

"Nililivuta kufuli," Thora alisema. "Nilitaka kuwa na hakika. Lilikuwa limefungwa, limeshika pete zote mbili. Nililitikisa kwa mikono miwili. Na bado nikagonga. Niligonga mlango, nikasema, kuna mtu? Nikagonga tena. Hakuna aliyejibu. Nani anakaa kwenye nyumba iliyofungwa kwa nje?"

Lile swali ambalo Ofelia Ledezma alilileta ofisini kila siku lilikuwa limepata jibu.

Echanis alimwambia Thora amri ambayo Eusebio alipewa, kama dada yake, anayekuja ofisini kila siku baada ya zamu, alivyoisimulia: mtu akigonga, asitoe sauti.

Thora alishika ukingo wa kaunta. Alizikusanya zile senti themanini na saba, akazipanga upya, akazivuruga.

"Alinisikia, basi," alisema. "Alikuwa amesimama upande wa pili, ananisikiliza."

Baada ya muda aliuliza kama maneno yake yatatosha kumtia hatiani na Pruett. Echanis alimjibu bila kumficha. Hakuna mwingine aliyeliona kufuli lile likiwa limefungwa. Ushahidi wote ni mikono yake yeye, na mikono hiyo ndiyo iliyowasha moto. Wakili wa Pruett atasimama aseme muuaji anatafuta wa kugawana naye mzigo.

"Kwa hiyo nikinyamaza, hakuna lolote juu yangu ila senti."

"Hakuna."

"Na nikisema, naangamia mimi, na yeye huenda akatoka."

"Huenda."

Thora aligeuza kibao cha mlangoni kionyeshe kwamba duka limefungwa. Alizima taa za nyuma, kisha za mbele. Alimwaga maji yaliyobaki kwenye birika. Alifanya yote kama anavyofanya kila jioni, isipokuwa droo ya hela hakuifungua. Akavaa kofia ya sufu.

"Dada wa yule mtu anafanya kazi wapi?"

"Kiwanda cha matofaa."

"Basi twende ofisini kwako niandike kabla zamu yake haijaisha, asije akakukuta huna cha kumwambia."

*

Giza lilikuwa limeshaingia na ukungu umelala juu ya mto. Thora alikaa mbele, bila pingu. Katikati ya daraja, pale penye bamba la majina ya majimbo mawili, Echanis alipunguza mwendo, akamwambia kwamba kuanzia hapo yuko chini ya ulinzi. Thora aliitikia kwa kichwa.

Kwenye kichwa cha daraja magari ya Tolliver yalikuwa yanarudi. Yaliwapita moja moja, maboksi yamefungwa kwa kamba nyuma. La mwisho liliwasha taa kuwasalimia. Usiku ule kulikuwa na mechi, na dirisha la gari lilipofunguliwa kidogo walisikia, kutoka ukumbi wa shule, sauti ya Pruett ikikaribisha timu.

Walipolifikia lile jengo la zamani la barafu, hapakuwa na mtu. Mlango wa mbao nene, ukuta wa mawe, dirisha hakuna. Taa ya gari ilipita juu ya mlango, na kitu kipya kikang'aa pale.

"Simama," Thora alisema.

Echanis alisimamisha gari. Alishuka na tochi. Kufuli lilikuwa jipya, bado lina kibandiko cha muuzaji wa mtandaoni, na lilikuwa limeshika pete zote mbili. Alilivuta. Alilitikisa. Kisha akagonga kwa ngumi.

Kimya.

Alisema yeye ni nani. Akarudia kwa Kihispania. Aligonga tena, kwa nguvu zaidi, na bado hapakuwa na kitu ila mto na ule mtangazaji wa mbali akimtaja mfungaji wa kikapu cha kwanza.

"Pengine hakuna mtu," Echanis alisema.

Thora alikuwa ameshusha kioo cha gari. "Na mimi niligonga," alisema.

Echanis alizima tochi, akaweka sikio kwenye ubao wa baridi. Alisubiri. Mtu aliyekuwa ndani alijizuia kadiri alivyoweza, kisha akakohoa.